Picha Inayobofywa Huitwa kwa Kazi Yake: Maandishi Mbadala ya Viungo na Vitufe

Chukua kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya tovuti yoyote. Pembeni yake kuna aikoni ya lenzi. Anayeona hajiulizi mara mbili: anaibofya, matokeo yanakuja. Anayetumia kisoma skrini, programu inayowasomea kwa sauti wasioona kilicho kwenye skrini, hufika hapo kwa kibodi, na atakachosikia kinategemea kilichoandikwa kwenye sifa ya alt, yaani maandishi mbadala ya picha kwenye msimbo wa ukurasa. Ikiwa ni alt="Lenzi nyeusi yenye mpini", programu itatamka "Lenzi nyeusi yenye mpini, kitufe". Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, na hayamsaidii kitu. Ikiwa ni alt="Tafuta", atasikia "Tafuta, kitufe", ataandika neno lake na kuendelea na shughuli.

Wengi huijua kanuni ya jumla kwamba kila picha iandikiwe maelezo. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo imekaa kwa ajili ya picha zinazotoa habari: mchoro, jedwali lililopigwa picha, sura ya mtu anayezungumziwa. Picha iliyo ndani ya kiungo au kitufe ina kazi nyingine. Haipo ili itazamwe, ipo ili ibonyezwe, na swali analojiuliza mtumiaji ni "nikibonyeza hapa, nini kitatokea?" Jibu la swali hilo ndilo maandishi mbadala.

Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inaligusa jambo hili mahali pengi, na sehemu kubwa iko kwenye ngazi ya A, ile ya chini kabisa ambayo tovuti haina udhuru wa kuikosa. Kigezo 1.1.1 kinataka kila kisicho maandishi kiwe na mbadala wa maandishi. Kigezo 2.4.4 kinataka lengo la kiungo lieleweke. Kigezo 4.1.2 kinataka kila kitu kinachotumika kwa kubonyezwa kiwe na jina ambalo programu inaweza kulisoma. Vyote vitatu vimekuwepo tangu WCAG 2.0 ilipotoka mwaka 2008, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 halikuvibadilisha. Aikoni moja iliyoachwa bila alt ndani ya kiungo inaweza kuvivunja vyote kwa mpigo.

Jina ni la kitufe, si la picha

Hapa ndipo mambo huchanganyikana, na ukishalielewa hili mengine yote hufuata. Kisoma skrini hakitangazi picha iliyo ndani ya kiungo kana kwamba imesimama peke yake. Kivinjari hukusanya kila kilichomo ndani ya kiungo, maandishi na alt za picha, kikaviunganisha kuwa jina moja. Jina hilo ndilo husomwa. Kwa hiyo huwezi kuamua alt ya picha kabla ya kujua ndani ya kiungo hicho kuna nini kingine.

Ikiwa picha iko peke yake, alt yake ndiyo jina lote:

<a href="/mawasiliano"><img src="bahasha.png" alt="Mawasiliano"></a>

Ikiwa picha imekaa pamoja na neno linalosema jambo lile lile, alt iwe tupu:

<a href="/mawasiliano"><img src="bahasha.png" alt=""> Mawasiliano</a>

Ukiandika "Mawasiliano" pande zote mbili, mtumiaji atasikia "Mawasiliano Mawasiliano, kiungo". Mara moja si neno. Kwenye menyu yenye viungo kumi ni karaha.

Ikiwa picha inaongeza habari isiyomo kwenye maandishi, alt iseme hicho kinachoongezwa tu. Aikoni inayoonyesha kwamba faili ni PDF ipewe alt="PDF". Aikoni ya mshale inayoashiria kwamba kiungo kitafunguka kwenye dirisha jipya ipewe alt="hufunguka kwenye dirisha jipya". Angalia nafasi hapo: mtu akiandika <img alt="PDF">Ripoti bila kuacha nafasi katikati, jina linaloweza kuundwa ni "PDFRipoti", na sauti ya kompyuta hulitamka kama neno moja lisiloeleweka. Nafasi moja tu kati ya tagi (msimbo wa picha) na neno huliondoa tatizo. Kosa hili halionekani kwa macho kwa sababu CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa, huwa imeshaitenganisha aikoni na neno, ndiyo maana linadumu.

Namba ndogo juu ya aikoni ya kikapu ni mfano mwingine wa jina linalojikusanya vibaya. Muundo wa kawaida ni kiungo chenye aikoni na namba ndani ya duara jekundu. Aikoni ikiwa na alt tupu, mtumiaji husikia "3, kiungo". Tatu nini? Aikoni ikiwa na alt="Kikapu" bila nafasi, huweza kusikia "Kikapu3". Kinachotakiwa ni jina zima kama "Kikapu, bidhaa 3", na njia rahisi ni kuliandika moja kwa moja kwenye aria-label ya kiungo (sifa inayokipa jina linalosikika bila kuonekana) na kulisasisha kila idadi inapobadilika.

Upo utaratibu wa nani anamzidi nani. aria-labelledby, sifa inayochukua jina kutoka kwenye maandishi mengine ya ukurasa, hushinda vyote. Ikikosekana hufuata aria-label. Kisha maandishi na alt zilizomo ndani. Mwisho kabisa title. Maana yake ni kwamba ukiweka aria-label kwenye kiungo, alt ya picha iliyomo ndani haihesabiki tena. Timu moja huhangaika kuboresha alt huku nyingine ilishaweka aria-label="link" miaka mingi nyuma, na hakuna anayeelewa kwa nini mabadiliko hayasikiki. Na usiitegemee title: kibandiko chake huonekana kwa anayeelekeza kipanya tu. Kwenye simu hakitokei, na anayetumia kibodi hakioni.

Alt tupu na alt isiyokuwepo

Vitu hivi viwili hufanana kwa maandishi na hutofautiana kwa matokeo. alt="" humwambia kivinjari: puuza picha hii. Kuacha kuiandika kabisa hakumwambii chochote, kwa hiyo kisoma skrini hubahatisha. Picha ikiwa ndani ya kiungo, mara nyingi hubahatisha kwa jina la faili au kwa anwani ya kiungo, na mtumiaji husomewa mfululizo wa herufi, namba na mistari ambao hata aliyeupakia hawezi kueleza.

Kosa linalofuata hufanywa na watu waliojifunza nusu ya kanuni. Wameambiwa aikoni ni mapambo na mapambo hupewa alt tupu. Wanaiweka alt="" kwenye aikoni iliyo peke yake ndani ya kiungo. Picha inapuuzwa kweli, lakini kiungo kinabaki: kinafikiwa kwa Tab, kinaweza kubonyezwa, na hakina jina. Mtumiaji husikia "kiungo" na kimya, au husomewa anwani. Picha haiwezi kuwa pambo ikiwa ndiyo kitu pekee kinachomwambia mtu kiungo kinakwenda wapi.

Maneno ya kuchagua

Kitufe hufanya tendo, kwa hiyo kipe kitenzi: Tafuta, Chapa, Futa, Funga, Pakua. Kiungo humpeleka mtu mahali, kwa hiyo kipe jina la mahali: Mawasiliano, Maswali ya kawaida, Akaunti yangu. Neno moja hadi manne hutosha mara nyingi. Ukijikuta unaandika sentensi yenye kiima na kiarifu, huenda unaeleza picha badala ya kazi.

Usianze na "picha ya", "aikoni ya" wala "kiungo cha kwenda". Kisoma skrini hutangaza chenyewe kwamba hiki ni kiungo au kitufe. Ukiongeza neno hilo litasikika mara mbili. "Bofya hapa" nayo haisemi lolote, hasa kwa mtu aliyefungua orodha ya viungo vyote vya ukurasa na kukuta "Bofya hapa" zikifuatana mstari kwa mstari.

Aikoni moja huweza kuwa na majina mengi. Lenzi kwenye kichwa cha tovuti ni "Tafuta". Lenzi ile ile juu ya picha ya bidhaa ni "Kuza picha". Mshale wa kushoto kwenye onyesho la picha ni "Picha iliyotangulia", na kwenye fomu yenye hatua kadhaa ni "Rudi hatua ya nyuma". Ndiyo maana kuwa na orodha moja ya alt iliyofungwa kwa jina la faili ya aikoni, kama mifumo mingi inavyofanya, ni njia ya mkato inayokwenda kombo.

Jedwali lenye aikoni ya kufuta kwenye kila mstari linahitaji uangalifu zaidi. Mistari 20 hutoa vitufe 20 vinavyoitwa "Futa". Anayeona hujua kwa kuangalia mstari. Asiyeona, akiruka kutoka kitufe hadi kitufe, hajui anafuta nini, na kufuta ni tendo ambalo mara nyingi halirudishwi. Andika "Futa ripoti ya Machi", "Futa ripoti ya Aprili". Tendo litangulie, kinachotofautisha kifuate.

Nembo, mitandao ya kijamii na picha za kukuzwa

Nembo ya taasisi iliyo juu ya ukurasa kwa kawaida hurudisha mtu mwanzo. Kuandika alt="Nembo" ni kupoteza nafasi. Jina la taasisi peke yake linavumilika, kwa kuwa wengi wamezoea; jina pamoja na kazi, kwa mfano alt="Jina la Taasisi, ukurasa wa mwanzo", ni bora zaidi. Rangi na umbo la nembo havina nafasi hapo. Anayetaka kuieleza nembo aieleze kwenye ukurasa wa utambulisho, ambako ni habari.

Aikoni za mitandao ya kijamii zina mtego wake. "Facebook" pekee haisemi kama kiungo kinafungua ukurasa wa taasisi au kinashirikisha makala unayoisoma. Tofauti hiyo ni kubwa: kimoja ni kwenda kutazama, kingine ni kutangaza jambo kwa jina lako. Andika "Ukurasa wetu wa Facebook" au "Shirikisha kwenye Facebook".

Picha ndogo inayobofywa ili ionekane kubwa ina kazi mbili kwa pamoja: inatoa habari na inafungua kitu. Hapa ndipo pekee maelezo ya kinachoonekana yanaruhusiwa kuingia kwenye jina, kwa sababu ndicho atakachokipata akibonyeza: "Kuza picha: kiatu cheusi kikionekana kwa upande". Picha tano za kiatu hicho hicho zisiitwe zote "Kuza picha".

Kadi zenye picha na kichwa cha habari

Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya habari hupanga kadi: picha juu, kichwa chini, halafu "Soma zaidi". Mara nyingi vyote vitatu ni viungo vinavyokwenda mahali pamoja. Kadi 20 huzaa viungo 60, na anayepita kwa Tab huvipitia vyote. Cha kwanza kwenye kila kadi ni picha, nayo aghalabu haina jina au imebeba jina la faili kutoka kwenye kamera.

Dawa yake ni muundo, si maneno. Weka picha na kichwa ndani ya kiungo kimoja, picha ipewe alt tupu, kichwa kiwe jina. Au ukifanye kichwa pekee kuwa kiungo, kisha utanue eneo lake la kubofya kwa CSS hadi lifunike kadi nzima. Ikiwa kiolezo cha tovuti (muundo uliotayarishwa tayari) hakikuruhusu kufanya hivyo, kiondoe kiungo cha picha kwenye njia ya kibodi kwa tabindex="-1" na ukifiche kwa aria-hidden="true". Viwili hivyo viende pamoja: ukificha bila kuondoa kwenye njia ya Tab, mtumiaji atatua mahali pasipo na sauti.

Aikoni ambazo si tagi ya img

Tovuti za sasa hazitumii sana faili za picha kwa aikoni. Hutumia SVG (mchoro wa msimbo) iliyoandikwa ndani ya ukurasa, fonti za aikoni, au picha ya nyuma kwenye CSS. Hakuna kati ya hizo iliyo na alt, lakini sharti la jina linabaki pale pale, na linatimizwa kwenye kitufe chenyewe:

<button type="button" aria-label="Funga"><svg aria-hidden="true">…</svg></button>

Njia ya pili ni kuweka neno halisi ndani ya kitufe na kulificha machoni kwa CSS. Mimi naipendelea hii. CSS isipopakiwa, neno hujitokeza na kitufe bado kinatumika. Na mtu anayetafsiri kiolezo huliona. Lakini usilifiche kwa display:none. Kilichofichwa hivyo huondolewa pia kwa kisoma skrini, na kitufe hubaki bila jina. Tumia mbinu ya kulibana neno liwe na ukubwa wa pikseli moja na kulikata lisionekane, ambayo mifumo mingi ya CSS tayari inayo kama darasa.

Fonti za aikoni zina kituko chao. Baadhi hutumia herufi zisizo na maana rasmi, ambazo kisoma skrini huziruka au huzitamka ovyo. Nyingine, kama Material Icons, huandika neno la Kiingereza ambalo fonti huligeuza kuwa mchoro. Macho huona kikapu, masikio husikia "shopping_cart". Zote zifunikwe kwa aria-hidden="true", kisha jina litoke kwenye maandishi.

Vitufe vinavyobadilika hali, kama cha kunyamazisha sauti, vinataka uamuzi mmoja. Ama jina libadilike, "Nyamazisha" likigeuka "Rudisha sauti", ama jina libaki "Nyamazisha" na hali itangazwe kwa aria-pressed. Ukifanya yote mawili utapata "Rudisha sauti, imebonyezwa", na msikilizaji hawezi kujua kama sauti ipo au haipo. Kitufe cha menyu kibaki "Menyu" daima. Kufunguka na kufungwa ni kazi ya aria-expanded.

Input ya aina ya image, ile inayotuma fomu kwa kubofya picha, inakubali alt kama img na inaihitaji. Ramani ya picha yenye maeneo yanayobofywa inahitaji alt kwenye kila tagi ya area, ikitaja eneo linakopeleka, na alt ya picha yenyewe ikitaja ramani nzima.

Picha yenye maneno yanayoonekana

Kitufe kilichochorwa kama picha yenye maneno "Jisajili sasa" kiwe na alt="Jisajili sasa", si "Fungua akaunti". Kigezo 2.5.3, kilichoongezwa kwenye WCAG 2.1 mwaka 2018, kinasema jina lililofichika lazima liwe na maneno yanayoonekana. Sababu ni watu wanaoiamuru kompyuta kwa sauti kwa kuwa hawawezi kutumia mikono. Mtu husoma kilicho mbele yake, husema jina la kitufe, na programu hulitafuta. Lisipolingana, hakuna kinachotokea, na hana njia ya kujua kwamba kitufe kimepewa jina jingine nyuma ya pazia.

Lugha ya ukurasa

Tovuti ya Kiswahili iliyojengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza huwa na tatizo la pande mbili. Kwanza, maneno yaliyofichwa kwenye aria-label na alt hayaonekani kwenye skrini, kwa hiyo anayetafsiri huyapita. Ukurasa wote unasomeka kwa Kiswahili, ila vitufe vinaitwa Search, Close na Next slide. Pili, tagi ya html hubaki na lang="en", na kisoma skrini hutumia sauti ya Kiingereza kusoma Kiswahili, hadi "Pakua" isitambulike. Weka lang="sw". eSpeak NG, sauti inayokuja na kisoma skrini cha NVDA, ina Kiswahili, lakini haitajua iitumie lini kama ukurasa haujasema. Kisha tafuta aria-label na alt kwenye faili zote za kiolezo, uzisome moja moja.

Kukagua

Zana za ukaguzi kama axe na WAVE hugundua alt isiyokuwepo na viungo visivyo na jina. Makosa hayo mawili hujirudia kila mwaka kati ya yanayoongoza kwenye uchunguzi wa kurasa milioni moja wa WebAIM, shirika la ufikivu wa tovuti, kwa hiyo kuzitumia si kazi bure. Kisichowezekana kwa zana ni kujua kwamba alt="picha1" ni upuuzi au kwamba "Lenzi" ilipaswa kuwa "Tafuta". Hapo anatakiwa mtu.

Fungua zana za msanidi kwenye Chrome, chagua kitufe, nenda kwenye kidirisha cha Accessibility: jina lililokokotolewa limeandikwa hapo, pamoja na chanzo chake. Kama kuna aria-label inayoizidi alt yako, utaiona. Halafu washa kisoma skrini. NVDA ni bure kwenye Windows. Bonyeza Insert na F7 upate orodha ya viungo na vitufe. Kwenye Mac, kisoma skrini cha VoiceOver hufungua orodha yake kwa Control, Option na U. Isome orodha bila kuangalia ukurasa. Kila jina ambalo huwezi kusema litafanya nini ni la kurekebishwa.

Anza na kichwa cha tovuti na sehemu ya chini, kwa kuwa hujirudia kila ukurasa: nembo, menyu, utafutaji, kikapu, mitandao ya kijamii. Hapo marekebisho machache husambaa tovuti nzima. Picha zinazopakiwa na waandishi ni kazi ya kudumu. Kumbuka kwamba kwenye WordPress, alt iliyoandikwa kwenye maktaba hunakiliwa wakati picha inapoingizwa kwenye makala. Ukiibadilisha maktabani baadaye, makala za zamani hubaki na ile ya mwanzo, na inabidi uzifungue moja moja.